Uzi: Msimdai binti ushuhuda ndipo mumpe kitanda (Malindi)

MleziSabaki (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote wa Malindi, Watamu, Mambrui, na ndugu zetu wa Lamu. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na Jumapili iliyopita likanishinda.

Nilialikwa ibadani, kanisa silitaji. Katikati ya ibada akaitwa mbele binti ambaye namkisia miaka kumi na mitano, kavaa gauni jeupe, akapewa kipaza sauti. Mstari wa mbele walikaa wageni kutoka ng'ambo, wafadhili wa nyumba anayolelewa. Akaanza kueleza alivyofanyiwa, na nani, akiwa darasa la ngapi. Watu wakalia, wakapiga makofi, wakasema haleluya. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Alikuwa anasokota ncha ya mkanda wa gauni, anaufungua, anausokota tena. Sauti imenyooka kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Aliyekaa na watoto hawa anaijua sauti ile. Mwili uko pale, mwenyewe ameshaondoka.

Nilikuwa mlezi miaka tisa katika nyumba ya mabinti ya kanisa, nje kidogo ya mji. Vitanda kumi na vinne, wasichana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba. Wengi walitoka kwenye kesi za unajisi ndani ya jamaa zao wenyewe. Wengine walikuwa wameozwa, wengine walitolewa kwenye nyumba za kukodisha kule ufuoni. Nasema haya nikiwa mwamini, na bado naimba kwaya.

Kosa nitakalolitaja nililifanya mimi, nisije nikaonekana nanyoosha kidole kwa wengine tu. Mwaka wangu wa pili wageni walikuja. Mkurugenzi akachagua binti mmoja aseme. Sitampa hata jina la bandia. Mimi ndiye niliyempigia gauni pasi. Mimi ndiye niliyekaa naye jioni yake kumsaidia kupanga maneno, nikamwambia, "Usiogope, Mungu atakutumia." Alisema vizuri mno. Wageni waliahidi tangi la maji, na tangi likaletwa. Usiku ule alioga mara tatu. Siku mbili hakula. Siku ya nne alitoroka, akapatikana stendi ya matatu akiwa na mfuko wa rambo wenye nguo moja. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Sasa wote wanajua. Nikikaa hapa mimi ni ile hadithi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini jambo moja, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Maneno ya binti kuhusu yaliyompata ni mali yake. Nyumba ya kumponya, iwe ya kanisa au ya msikiti, isimfanye ayalipe kama kodi ya kitanda.

Nitaendelea. Nakaribisha mawazo, hata ya kunipinga.

---

MleziSabaki

Wengi hamjawahi kuingia nyumba kama hizi, kwa hiyo niwaeleze usiku wa kwanza.

Binti huletwa saa mbili au tatu usiku, na afisa wa watoto au polisi wa dawati la jinsia, mara nyingine na chifu. Kashinda hospitali na kituoni kutwa nzima. Kaulizwa swali lile lile na watu wanne au watano. Sisi tulikuwa tunampokea kwa maombi. Tunamzunguka, tunamwekea mikono kichwani, tunakemea. Tulikuwa na nia njema kabisa! Lakini hebu fikirini mtoto aliyeshikwa kwa nguvu, sasa amezungukwa na watu wazima wanane asiowajua, wote wamemgusa, wote wanapaza sauti.

Baadaye tulibadilisha. Mtu mmoja tu humpokea. Uji wa moto, leso mbili mpya, sabuni yake mwenyewe. Anaonyeshwa bafu na komeo lake, na komeo liko ndani. Anachagua kitanda. Karibu wote huchagua cha ukutani kinachotazama mlango, kwa hiyo tukajifunza kukiacha wazi. Taa haizimwi. Haulizwi lolote ila, "Unakula samaki?" na, "Kuna mtu ungependa ajue uko salama?" Sala iko, ila mlezi anaisalia chumbani kwake.

Na hapa niseme juu ya mapepo, maana kwetu Pwani hili ni kubwa. Binti mmoja mlango ukibamizwa na upepo wa kaskazi alikuwa anaanguka, anatetemeka, macho yamegeuka, anaongea na mtu asiyeonekana. Tulimwombea mpaka saa nane za usiku. Nyumbani kwao Ganda walishampeleka kwa mganga, kakohoa moshi wa ubani mpaka kapaliwa. Halafu akaja mshauri nasaha wa hospitali, dada mtulivu. Akauliza swali moja tu: huyo aliyemdhulumu alikuwa akiingia vipi? Alikuwa anaubamiza mlango. Mwili ulikuwa unakumbuka kabla akili haijafikiri. Akamfundisha, ikianza, aguse ukuta ulio baridi, ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, vitatu anavyovisikia. Nasi tukafunga vipande vya mpira wa ndara kwenye miimo ya milango yote. Kuanguka hakukuisha siku moja. Lakini kulipungua, na yeye mwenyewe akajua ni nini kinamtokea, akaacha kujiita mwenye pepo.

---

Mtumishi_Ganda

Dada Mlezi, Bwana asifiwe. Nimekusoma kwa heshima. Mimi ni mchungaji, na kanisa letu linasaidia nyumba mojawapo ya mabinti. Naomba nikupinge kidogo.

Ufunuo kumi na mbili inasema walishinda kwa damu ya Mwanakondoo na kwa neno la ushuhuda wao. Nimewaona kwa macho yangu wasichana waliofunguliwa siku waliyosema hadharani. Aibu ilivunjika pale pale. Ukimwambia asiseme, humrudishi kwenye kule kunyamazishwa alikotoka? Na pili, nasema wazi, unga haununuliwi kwa maombi peke yake. Mfadhili hutaka kujua pesa yake inafanya nini.

---

MleziSabaki

Mtumishi, amina, na ahsante kwa kusema wazi jambo la unga. Wengi hulificha.

Sikusema anyamazishwe. Nimesema asidaiwe. Unaweza kujua tofauti kwa kumwuliza mtoto, "Na ukikataa itakuwaje?" Akikosa jibu, au akikwambia mkurugenzi atahuzunika, basi hapo hapakuwa na hiari. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kumkatalia anayemlisha.

Kuhusu maandiko, nami nina moja. Samweli wa Pili, sura ya kumi na tatu. Tamari, binti Daudi, aliharibiwa na ndugu yake Amnoni. Alirarua vazi lake, akatia majivu kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti. Alisema mwenyewe, kwa hiari yake, njiani. Absalomu akamwambia anyamaze, huyo ni nduguyo. Daudi alikasirika, lakini hatusomi kwamba alifanya lolote. Tamari akakaa ukiwa nyumbani mwa Absalomu, na hapo ndipo habari yake inapoishia. Alikuwa na nyumba, alikuwa na chakula cha mwana wa mfalme. Nyumba peke yake haikumponya, kwa sababu hakuna aliyemwuliza anataka nini. Hiyo sura nilisoma na mabinti jioni moja bila kuhubiri, na waliongea kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia mle ndani. Mmoja akaniuliza, "Kwani mama yake alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Na dini iliwasaidia, Mtumishi, hilo nalishuhudia mimi kwa hiari yangu. Kulikuwa na binti asiyeweza kutamka "Baba yetu". Aliyemdhulumu alikuwa babake wa kambo. Tungemlazimisha, tungempoteza. Tukampa Zaburi ya themanini na nane, ile inayokwisha gizani bila shukrani yoyote mwishoni. Aliisoma kila usiku karibu mwezi mzima. Akasema, "Kumbe inaruhusiwa." Kinachoumiza ni kinyume chake, mtoto akiambiwa Mungu alikuwa anamfundisha kitu, au dhambi za mababu ndizo zilizofungua mlango. Anayeamini kuwa Mungu anamwadhibu hupona kwa shida sana.

---

Kijana_wa_Casuarina

Tusipendelee upande mmoja. Wengine wanajipeleka wenyewe kwa wazungu kule ufuoni, wanataka simu na maisha mazuri. Hao nao wanaitwa wahanga?

---

MleziSabaki

Mwanangu, wanaitwa watoto. Chini ya miaka kumi na minane kisheria hakuna kukubali, hata angevaa nini. Mwaka 2006 UNICEF na serikali yetu walitoa ripoti juu ya ukanda huu, Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani, wakakadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 waliokuwa kwenye biashara hiyo. Na usiwatupie wazungu peke yao, maana ripoti ile ile ilionyesha Wakenya wenzetu walikuwa wengi miongoni mwa wanunuzi. Wale niliowalea kutoka ufuoni, kila mmoja ukimsikiliza vya kutosha, kabla ya mgeni kulikuwa na mjomba, au jirani, au disko matanga, ngoma ya usiku wa msibani, na mtu mzima aliyemnunulia soda.

---

BiMkubwa_Langoni

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Amu, mtaa wa Langoni, nimesomesha madrasa ya wasichana miaka mingi. Mjukuu wangu ndiye aniandikiaye.

Mwanangu Mlezi, ninyi kwenu binti husukumwa aseme. Kwetu husukumwa asiseme. Nimesoma maneno yako nikaona ni ugonjwa mmoja.

Sisi tuna neno, sitara. Ni neno zuri. Mwenye kumsitiri mwenziwe, Mungu humsitiri. Lakini nimeona sitara ikitumiwa kwa dhulma. Mtoto amedhulumiwa na mtu mwenye jina, wazee wanakaa barazani, kahawa inapita, wanasema tufanye maslaha, tuyamalize wenyewe bila mahakama, tusitiri. Wanayemsitiri ni nani? Ni yule mwanamume. Mtoto hupelekwa kwa shangazi yake Mombasa, au huozwa upesi, na nyumba yao hubaki na heshima yake. Kumsitiri mtoto ni kuficha jina lake na uso wake, na kumweka mbali na ndimi za watu. Kumficha mdhalimu si sitara. Huko ni kumsaidia.

Umetaja Tamari. Nami nikutajie Bi Maryamu, mamake Nabii Isa, katika sura yake ndani ya Qur'ani. Uchungu wa kuzaa ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile, amesahaulika kabisa. Hakuambiwa, simama ujieleze. Aliambiwa asihuzunike, kuna kijito chini yake, atikise mtende zimwangukie tende mbivu. Ale, anywe, atulize jicho lake. Na akimwona mtu yeyote aseme ameweka nadhiri kwa Mwingi wa Rehema, leo hasemi na mtu. Kwanza maji, kwanza tende. Kunyamaza kwake kulikuwa ngao, alipewa yeye, hakufungwa mdomo. Nimewasomesha wasichana aya hizi miaka yote, na baadhi yao najua walizishika kwa sababu wanazozijua wao.

---

MleziSabaki

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo, kwamba kula na kunywa kumetangulia. Nina swali, kwa ruhusa yako. Tulipokea binti wa Kiislamu mwezi wa Ramadhani, yuko kwenye zile dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi za siku 28. Alikataa kufungua, na zilikuwa zinamtapisha. Sisi Wakristo tukaogopa kumwambia lolote.

---

BiMkubwa_Langoni

Marahaba mwanangu. Mgonjwa ana ruhusa, Qur'ani yenyewe imesema, atalipa siku nyingine. Mngemwita ustadha yeyote amwambie. Asikiapo kwa mtu wa dini yake roho hutua. Na hilo ni jambo la kuangalia katika hizo nyumba zenu. Mtoto wa Kiislamu akiletwa, ana mswala? Anapewa buibui lake? Au anaambiwa akiokoka ndipo atapona? Mtoto aliyevunjwa asivunjwe mara ya pili kwenye imani yake.

---

MleziSabaki

Mswala ulikuwepo, nililetewa na jirani yetu wa Shela. Lakini miaka yangu ya mwanzo, hapana, haukuwepo, na waliimba pambio na wenzao. Nimepokea.

---

Boda_Muyeye

Mama Mlezi shikamoo. Mimi ni wa bodaboda. Kuna usiku nilibeba msichana analia, nguo zimechanika, akasema nimpeleke popote. Nikampeleka kwa mamangu. Mamangu akamwogesha, akampa chai, asubuhi tukaenda kwa mzee wa mtaa. Baadaye nikaambiwa nimeharibu kesi. Nifanye nini siku nyingine?

---

Muuguzi_Mstaafu

Nijibu mimi, ndiyo kazi niliyoifanya. Kwanza mama yako alimpa mahali pa kulala salama, asijilaumu.

Siku nyingine nenda hospitali moja kwa moja, polisi watafuata. Hospitali ya serikali haiwezi kukwambia kalete ripoti ya polisi kwanza, na matibabu hayo hayalipishwi. Saa 72 ndizo za kukumbuka. Dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya muda huo, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kisha zinamezwa siku 28 bila kukatiza. Ya kuzuia mimba hufanya kazi mpaka saa 120. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa khaki au zifungwe kwa gazeti, plastiki huozesha ushahidi. Lakini sikia, hata akiwa ameoga, hata zimepita wiki mbili, mlete. Kuna maambukizi ya kutibu, na kuna moyo wake. Daktari atajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, kisha P3 ya polisi, ya kueleza majeraha, zote bure. Usiku usipojua pa kwenda piga 116, simu ya watoto, au 1195, ya ukatili wa kijinsia. Zote hazikatwi pesa.

Kingine, kwa wanaodhani ushauri nasaha unahitaji madaktari wa Nairobi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bungoma na kule Moshi, Tanzania, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia kwa vikundi hawakuwa wataalamu wa akili. Ni watu wa kawaida waliofunzwa tiba ya mazungumzo ya kiwewe na kusimamiwa vizuri, na watoto wengi walipata nafuu. Mlezi wa kanisa anaweza kufunzwa. Ustadha anaweza kufunzwa. Tatizo ni kwamba wengi wanaachiwa kazi hii wakiwa na moyo tu.

---

Wakili_Kilifi

Niongeze mawili matatu ya sheria, kwa kifupi.

Wazee wakikwambia kesi imeondolewa, mwongo huyo. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 familia haina uwezo wa kuifuta kesi ya unajisi, uamuzi huo ni wa mwendesha mashtaka wa umma. Mbuzi aliyepokelewa kama fidia hafuti kitu. Kifungo ni maisha kama mtoto ana miaka kumi na mmoja au chini, miaka isiyopungua ishirini kwa wa kumi na miwili hadi kumi na mitano, na isiyopungua kumi na mitano kwa wa kumi na sita na kuendelea.

Ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake. Ndiyo maana ile habari ya kipaza sauti kanisani inanitisha. Kila anapoisimulia mbele ya umati, kila anapopangiwa maneno, wakili wa mshtakiwa anapata pa kushika: "Ulisema hivi kanisani, leo unasema vile." Mahakama yenyewe humfichia uso, humruhusu asemewe na mtu anayemwamini, huwatoa watu chumbani. Kanisa linampandisha jukwaani.

Na nyumba yoyote inayoweka mtoto bila afisa wa watoto kujua na bila amri ya mahakama inavunja sheria, hata iwe na nia njema namna gani. Usajili wa vituo vipya ulisimamishwa mwaka 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto alelewe kwenye familia, kituo kiwe kimbilio la mwisho na la muda. Bi Mkubwa atafurahi kujua sheria hiyo inatambua kafala, kule kumlea mtoto wa mwenzio kwa utaratibu wa Kiislamu.

---

Barani_Juu

Mnaongea vizuri lakini mimi ni mkazi wa hapa hapa. Aprili 2023 niliyaona magari yakileta miili kutoka Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa mle msituni, na watoto walikuwa wengi. Wazazi wao waliwapeleka wenyewe, kwa sababu mchungaji alisema wafunge mpaka kufa. Leo mtu aniambie nimpeleke binti yangu akakae kwenye nyumba ya dini, ndani ya geti, nisimwone? Kamwe. Hata angekuwa malaika.

---

MleziSabaki

Ndugu yangu wa Barani, sitakubishia. Sote tulinusa ile harufu. Jirani yangu alipoteza jamaa watatu kule.

Tena si kwetu tu. Kule Ayalandi watawa waliendesha nyumba za kufulia nguo, wasichana walioitwa walioanguka wakawekwa humo miaka na miaka, wengine walikuwa wamebakwa. Ya mwisho ilifungwa 1996, na waziri mkuu akaomba radhi bungeni 2013. Marekani nako shule na nyumba za kurekebisha vijana, nyingine za makanisa, zililalamikiwa kwa miongo mingi, mpaka Desemba 2024 ndipo ikatiwa sahihi sheria ya taifa ya kuanza kuzichunguza. Wote walianza kwa kusema wanaokoa.

Kwa hiyo nikueleze ningeangalia nini kama angekuwa binti yangu. Ningekwenda siku wasiyonitarajia. Ningeuliza simu iko wapi na nani anaruhusiwa kuishika, kwa maana nyumba ambayo mtoto hawezi kumpigia mamake au shangazi yake bila mtu kusikiliza, hapo hapafai. Ningeshika lango nione komeo liko upande gani. Ningeomba kuona cheti na jina la afisa wa watoto anayewatembelea, kisha nimpigie mwenyewe. Ningeuliza mtoto akikataa kwenda ibadani anafanywa nini. Na ningeuliza wa mwisho kuondoka aliondoka lini na yuko wapi sasa. Hili la mwisho ndilo linalowaumbua wengi. Nyumba nzuri inajua. Itakwambia yuko kwa bibi yake Kakuyuni, amerudi shule, mlezi alimtembelea mwezi uliopita. Nyumba mbaya itakuonyesha picha za waliopo.

Sisi wastani wetu mwanzoni mabinti walikaa miaka minne, mitano. Tulijisifu, tukasema tumewapa makao. Kumbe mdogo wake nyumbani alikuwa anamsahau sura. Tulipoanza kutafuta jamaa tangu wiki ya kwanza, shangazi, bibi, mama mwenyewe kama ameachana na yule mtu, wengi wao waliweza kurudi ndani ya mwaka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulea. Kuna bibi mmoja wa kule Gongoni tulimfuata mara saba ndipo akakubali.

---

Jina_Sitaji

Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Nilikaa kwenye nyumba ya aina hii, si ya Mama Mlezi, miaka mitatu. Sasa nina miaka ishirini na minne na nina duka dogo la kushona.

Nitasema kidogo tu. Kilichonisaidia ni Jumatano. Kila Jumatano mshauri alikuja, tulikaa chini ya mwarobaini, na kuanzia kama mwezi wa pili alinipa daftari. Niliandika kidogo kidogo. Wiki nyingine mstari mmoja. Wiki nyingine nilichora tu mahamri. Daftari lilikaa kwenye bati la biskuti lenye kufuli, ufunguo nilivaa shingoni. Hakuna aliyelisoma ila mimi na yeye, na yeye nilipomruhusu. Siku nilipolimaliza aliniuliza nataka kulifanyia nini. Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo maishani. Nililiweka. Ninalo hadi leo.

Kilichoniumiza ni kalenda. Walichapisha kalenda ya wafadhili, mwezi wa nane ulikuwa mimi, nacheka, na chini yake maneno mawili ya kueleza nilitoka wapi. Mtu wa kijijini kwetu aliiona kwa mzungu aliyekuwa anamfanyia kazi.

Bado naenda kanisani. Naimba sauti ya pili. Sijawahi kutoa ushuhuda na sitatoa. Mungu alikuwepo, hahitaji nimsimulie.

---

MleziSabaki

Mwanangu, pole. Ahsante. Sitaongeza neno juu ya hayo.

---

BiMkubwa_Langoni

Mungu akusitiri, mwanangu, sitara iliyo yako.

---

Mtumishi_Ganda

Nimesoma ya huyu binti usiku, sikulala vizuri. Kalenda kama hiyo tunayo ofisini kwetu. Ya mwaka huu.

Dada Mlezi, nikuulize kama ndugu. Jumapili ijayo tunapokea wageni kumi na mmoja. Kwenye ratiba kuna ushuhuda wa mabinti wawili, dakika kumi kila mmoja. Ratiba imeshatumwa. Nikiondoa, wageni watauliza. Nisipoondoa, nimeshasoma haya. Nifanyeje?

---

MleziSabaki

Mtumishi, iondoe leo, usingoje Jumamosi, maana wale mabinti wawili wanajua na wameshaanza kukosa usingizi. Waambie wewe mwenyewe, wote wawili pamoja, mkiwa nje mahali wanapoweza kuondoka. Usiwaulize kama wanataka kuendelea. Watasema ndiyo ili kukufurahisha.

Wageni wape kazi ya nyumba yenyewe. Simama wewe au mlezi mweleze unga ni magunia mangapi kwa mwezi, mshauri anakuja mara ngapi na analipwa na nani, wangapi wamerudi kwao. Waonyeshe hesabu, na zisizolingana pia. Mpeni mshauri dakika kumi zile aeleze kiwewe hufanya nini mwilini mwa mtoto. Mgeni mwenye nia njema atajifunza zaidi hapo kuliko machozini. Na atakayeacha kutoa kwa sababu hakusikia habari za kitandani kwa mtoto, mwacheni aende.

---

Mtumishi_Ganda

Nimempigia mkurugenzi. Tumeondoa. Kutakuwa na wimbo mmoja.

---

MleziSabaki

Na asiyetaka kuimba?

---

Mtumishi_Ganda

Atabaki nyumbani na mpishi. Nimelisema hilo pia. Lakini wameniomba picha, Dada. Mmoja wao ameandika asubuhi hii, wanataka picha za mabinti za kupeleka kanisani kwao.

---

MleziSabaki

Wapige picha ya paa jipya na ya bustani ya mchicha. Kama wana tangi la maji walilolinunua, walipige nalo.